Nyayo za Alhamisi

Baba yangu hakuwa na imani na mbwa. Alisema mbwa hubweka mpaka atupiwe mfupa, halafu hunyamaza kama karani aliyepewa kitu kidogo. Kufuli nayo aliidharau, kwa kuwa aliyeitengeneza anajua kuifungua. Alichoamini ni kwato. Kila ng'ombe wake alikuwa na mkato mdogo kwenye ncha ya ukwato, mkato ambao baba aliuchonga mwenyewe kwa msumeno wa chuma, ili ng'ombe huyo popote atakapokanyaga udongo aache alama yetu.

Alama hiyo aliiweka mguu wa nyuma. Ng'ombe akitembea, mguu wa nyuma hukanyaga palepale ulipotoka wa mbele, kwa hiyo ukikata wa mbele, ng'ombe mwenyewe atakufutia kazi yako kila hatua. Majirani zetu wa Kabuchai waliomuiga walikata mbele. Baba aliwaacha wakate. Mmoja wao alipoibiwa, alizunguka siku mbili akitafuta mkato ambao usingeonekana popote, na baba akacheka mpaka akakohoa.

Nasema haya ili ujue nilijifunzia kwa nani.

Nilirudi nyumbani nikiwa na miaka ishirini na tisa. Niliolewa upande wa Moi's Bridge, nikakaa miaka sita bila mtoto. Mume alinichoka, nami nikachoka na mkono wake. Watu wake walikuja kwetu kudai mahari yao irudi. Baba alikuwa na ng'ombe tisa. Walizunguka boma wakichagua polepole, wakiwafunua midomo na kuwabonyeza viwele, wakaondoka na wanne wazuri. Baba alikaa kwenye kigoda akitazama migongo ya wale ng'ombe mpaka ikapotea kwenye miwa. Siku hiyo hakuniambia neno. Alianza kesho yake, na akaendelea kwa miaka miwili.

Aliniita Ng'ombe Wanne. Si kwa mzaha wa mara moja, lilikuwa jina. "Ng'ombe Wanne, leta maji." "Ng'ombe Wanne, wageni wamekuja, pika chai." Wake za kaka zangu walilizoea, watoto wao wakalizoea, na mimi, aibu gani hii, nikawa naitika.

Kazi niliyopewa ni kuchunga wale watano waliobaki: maksai wawili wa kulimia, ng'ombe wawili wa maziwa na ndama. Baba alinifundisha kusoma kwato kwa sababu kaka zangu walikuwa na miwa yao na hawakuwa na subira. Alinipigisha magoti kwenye njia ya mtoni, akaniwekea fimbo kisogoni, akanisukuma mpaka pua ikakaribia matope.

"Inama. Kwato hazisomwi umesimama ka askari. Hii ni ya nani?"

Nikipatia, alinyamaza. Nikikosea, fimbo. Nilijifunza kutofautisha unyayo wa asubuhi na wa jioni kwa kingo zake, wa ng'ombe aliyeshiba na mwenye njaa, wa anayesukumwa na wa anayejiendea. Niliipenda kazi hiyo. Nadhani ndicho kitu pekee nilichokipenda miaka ile, na ndiyo maana baba alijua pa kunichoma. Siku moja nilikosea mbele ya watu. Nilisema ndama wetu ndiye aliyeingia kwenye miwa ya mtu, kumbe ni wa mtu mwingine. Baba akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani:

"Ameshindwa kusoma bwana miaka sita, ati atasoma ng'ombe!"

Walicheka wote, hata wanawake waliokuwa na waume wabaya kuliko wangu. Nakumbuka hadi leo nani alicheka. Jirani yetu hakucheka.

Jirani huyo alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mkulima wa mahindi na miwa kidogo. Sisi tulikuwa na maksai bila plau ya maana, yeye alikuwa na plau bila maksai, kwa hiyo kila msimu tulikopeshana: maksai wetu wanalima kwake, plau yake inalima kwetu. Mtu huyo hakuwahi kuniita Ng'ombe Wanne. Aliniita mama, kama watu wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu, na nikipita na ng'ombe karibu na kwake aliniuliza nimelala aje na akangoja jibu. Mkewe alinipa muhogo wa kuchemsha.

Alhamisi moja mwanzoni mwa msimu niliwapeleka maksai kwake. Walilima tangu asubuhi. Alasiri mvua ikanyesha, tukawafungua nira, tukawasimamisha nyuma ya jikoni chini ya ukingo wa paa mpaka ikatulia. Walikanyagakanyaga pale, kisha nikawarudisha nyumbani. Mvua haikunyesha tena wiki hiyo.

Jumamosi baba aliamua kubadilisha alama. Maksai mwekundu, yule mkubwa, alikuwa na mkato kwenye ukwato wa nje wa mguu wa kushoto, nao ulikuwa umeanza kulika. Isitoshe baba alihisi watu wameshaujua. Tulimwangusha, mimi nikakalia shingo na kushika kamba, yeye akaukwangua mkato wa zamani kwa tupa mpaka ukaisha, kisha akachonga mpya kwenye ukwato wa ndani. Alipomaliza alifuta msumeno kwenye suruali.

"Huu tunajua mimi na wewe," alisema. "Hata ndugu zako, hapana."

Mimi na wewe. Nilitembea na maneno hayo Jumapili nzima, kanisani na kurudi. Mtu mzima wa miaka thelathini na moja, nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Jumanne asubuhi maksai mwekundu hakuwa bomani. Kamba ilikuwa imekatwa. Mwenzake alikuwa amesimama akilia, na baba alikuwa amesimama kando yake akiwa ameshika kile kipande cha kamba. Hata kabla jua halijapanda vizuri, uwanja wetu ulikuwa umejaa wanaume wenye rungu na panga za kukatia miwa. Msimu huo wezi walikuwa wamechukua ng'ombe kwa watu wengi, wengine wakachinjwa hukohuko mashambani na kuachwa kichwa na ngozi. Watu walikuwa na hasira ya haki. Siwezi kusema hawakuwa nayo.

Baba alininyooshea fimbo. "Soma."

Nilisoma. Alama mpya, ya ndani, ilikuwa wazi tangu mlango wa boma. Niliifuata hadi barabara ya murram, wanaume arobaini nyuma yangu, na pale barabarani ikakoma. Palikuwa na alama za magurudumu ya gari zito, na nyasi za ukingo zilikuwa zimelazwa pale watu walipomsukuma ng'ombe kupanda. Niliwaambia: amepakiwa, ameenda.

Hakuna aliyetaka kusikia hilo. Watu wameacha kazi, wamebeba rungu. Ukiwaambia mwizi ameondoka na lori, hizo rungu watazipeleka wapi? Mmoja akasema lori haliwezi kujua boma la mzee bila mwenyeji wa kulionyesha. Mwingine akasema huyo mwenyeji huenda alimficha kwake kwanza. Wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mimi mbele, kwa sababu mimi ndiye msomaji.

Kwetu kuna desturi: nyayo za ng'ombe aliyeibwa zikiingia kwako, ni juu yako kuonyesha zilipotokea kwenda kwingine. Usipoweza, wewe ndiye mwizi. Nyumba mbili za kwanza hatukuona kitu. Ya tatu ilikuwa ya jirani yetu. Alitoka na kikombe cha chai mkononi, akatusalimia, akampa baba pole. Nilizunguka nyuma ya jikoni. Pale kando ya mahali mkewe alipokuwa akimwaga maji ya vyombo, palipokuwa na unyevu siku zote, niliona unyayo mmoja mzima wenye mkato.

Nikapiga kelele. "Ni yeye! Ni huyu wetu!"

Jicho langu lilikuwa limezoea. Miezi mingi nilikuwa nikitafuta mkato, nilipouona nikauita. Na niseme ukweli, nilifurahi. Wanaume arobaini walinijia mbio kwa neno langu mimi.

"Si ni huyu alilima hapa Alhamisi!" jirani akasema. Hata hakuwa na hofu bado. "Mzee, si wewe mwenyewe ulituma msichana na ng'ombe? Si mvua ilitupata, tukasimamisha hapa? Hizo ni za Alhamisi, bana."

Umati ukatulia kidogo. Ilikuwa hoja ya maana. Wengine walikumbuka kweli waliona maksai shambani kwake. Mtu mmoja akasema, "Basi huyu mama atuambie. Ni za lini?"

Nikainama tena, safari hii vizuri, magoti chini, pua karibu na matope kama nilivyofundishwa. Mkato ulikuwa kwenye ukwato wa nje.

Asubuhi nzima nilikuwa nimefuata mkato wa ndani. Wa nje uliisha Jumamosi, niliuona ukiisha, vumbi lake nililifagia mwenyewe. Unyayo ule ulikuwa wa Alhamisi bila shaka yoyote, na mtu yule alikuwa akisema kweli, na chai yake bado ilikuwa ikitoa moshi.

Ningesimama niseme, nimekosea. Ndilo neno pekee lililotakiwa. Lakini nilisikia kicheko kabla hakijaanza. Niliisikia sauti ya baba: ameshindwa kusoma bwana. Niliona jinsi nitakavyoitika Ng'ombe Wanne mpaka nizeeke. Nikamtazama baba. Alikuwa amesimama juu yangu, macho yamekaa kwenye ule unyayo, na yeye ndiye aliyeukwangua mkato wa zamani na ndiye aliyechonga mpya. Alikuwa hahitaji hata kuinama. Alinitazama tu, akingoja.

"Ni za jana usiku," nilisema.

Mke wa jirani alinishika sketi. "Mama, angalia tena. Tafadhali, mama, angalia tena vizuri."

"Nimeangalia."

Sitapamba yaliyofuata. Kikombe kilivunjika kwanza. Walimpiga kwa rungu mpaka akaacha kujikinga uso, na mkewe akaburutwa kando na wanawake aliokuwa akienda nao kanisani. Jirani alikuwa akirudia neno moja, Alhamisi, Alhamisi, mpaka likawa halieleweki. Kisha mmoja wa wakataji miwa akasema, na watu wakacheka:

"Si tumuwekee alama pia? Ndio tukimtafuta tumjue."

Wakamgeukia baba, kwa kuwa ng'ombe alikuwa wake. Baba akasema, "Mguu wa kushoto."

Wakamkata mshipa wa kisigino kwa panga ya miwa. Nilikuwepo, nilikuwa umbali wa kutoka hapa hadi mlangoni. Sikugeuza uso. Nilijiambia kwamba kugeuza uso kungekuwa unafiki, na hilo nalo lilikuwa la kujifariji tu. Naibu wa chifu alipofika kwa pikipiki, watu walikuwa wameshatawanyika. Ndiye aliyemtafutia gari la kumpeleka hospitali.

Jioni ile baba alikula ugali. Alipomaliza alisukuma sahani.

"Binti yangu," alisema, "toa vyombo."

Nililia jikoni, na kwa bahati mbaya nakumbuka kilio kile kilikuwa cha nini. Kilikuwa cha furaha.

Baada ya wiki mbili baba alipigiwa simu na mtu anayemfahamu, mfanyabiashara wa ng'ombe. Kulikuwa na maksai mwekundu kwenye mnada wa Kitale anayefanana na wetu. Tulienda wawili. Tulimkuta amefungwa kwenye nguzo karibu na mizani, amekonda, mikononi mwa mtu aliyemnunua kutoka kwa watu wa lori asiowajua. Baba alizungumza naye kwa upole, wakaelewana ng'ombe aturudie, kisha akauinua mguu wa nyuma wa kushoto, akanionyesha. Mkato wa ndani, bado mpya.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Haujaona." Akauachia mguu. "Huyu akirudi nyumbani, kila mtu atasimama kumwangalia kwato. Nyumbani harudi."

Nikamuuliza. Ndiyo siku pekee niliyowahi kumuuliza baba kitu kama hicho. Nilimuuliza kama alijua, siku ile nyuma ya jikoni.

Alinitazama kama niliyeuliza iwapo maji yana unyevu. "Nani amegusa boma langu tangu Jumanne ile? Nani ataligusa? Watu wanaona mtu anapita akiburuta mguu, wanajua ni kwa sababu ya ng'ombe wa nani. Wewe unafikiria ua ni miti na seng'enge? Ule mguu ndio ua wangu."

Maksai aliuzwa akachinjwa Kitale siku hiyohiyo. Baba alirudi kutoka upande wa pili wa mnada akivuta mtamba wa kahawia, mwenye doa jeupe kwenye paji, akanipa kamba. Kwetu ng'ombe huja nyumbani kwa ajili ya binti. Sikuwahi kumjua binti aliyepewa ng'ombe na baba yake akiwa hai. "Wako," alisema. "Umefanya kazi." Njia nzima ya kurudi sikuiachia ile kamba.

Na alikuwa amesema kweli kuhusu ua. Hakuna aliyetuibia tena. Kijijini walisema jirani ndiye aliyewaonyesha wezi njia, na kadiri miaka ilivyopita hata waliokuwa na shaka waliacha kuwa nayo, kwa maana shaka ingewarudisha kwenye mikono yao wenyewe. Jirani alirudi kutoka hospitali na fimbo. Plau yake ilikaa chini ya paa ikila kutu. Mimi nilipita kwake na ng'ombe kila asubuhi, na njiani nilizikuta nyayo zake: mguu mmoja mzima, mstari wa mguu unaoburutwa, na shimo la fimbo. Hakuna unyayo rahisi kusoma kama huo. Ungeweza kuusoma umesimama. Yeye mwenyewe nikikutana naye, alinisalimia vilevile, mama, umelala aje. Nilijibu nikiwa nimeshapita.

Baadaye nilihama. Nina shamba dogo nje kidogo ya Kitale, na yule mtamba amenizalia, na watoto wake wamezaa. Nina ng'ombe sita. Hawa nao nimewachonga kwato kwa msumeno wa baba. Huwa nakata wa ndani.

Baba alifariki mwaka jana. Tulimzika nyumbani, karibu na boma kama alivyotaka. Jirani alikuja mazishini, akakaa viti vya nyuma. Usiku mvua ikanyesha. Alfajiri, wageni wakiwa bado wamelala kwenye maturubai, nilitoka kwenda kukamua nikamkuta amesimama kwenye mlango wa boma, ameegemea fimbo, amezeeka vibaya.

"Pole kwa msiba, mama."

"Asante, baba."

Akausogeza mguu wake wa kushoto mbele, akausaidia kwa mkono, akaukandamiza kwenye matope. Akaurudisha. Ulibaki unyayo.

"Hii ni ya leo," alisema. "Iangalie vizuri. Ile ilikuwa ya Alhamisi."

"Najua."

"Umejua sasa, ama ulijua siku ile?"

Nilikuwa na ndoo ya maziwa mkononi, tupu. Baba alikuwa ardhini hatua ishirini kutoka pale. Sikuwa na wa kumwogopa tena, na hiyo ndiyo sababu pekee nilisema kweli, nisijipatie sifa.

"Siku ile."

Alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Mama ya watoto alikuwa anasema ulijua," alisema. "Mimi nilikuwa namkataza. Miaka hii yote nilikuwa namwambia, wacha msichana wa watu, yeye alikosea tu. Mtu anaweza kosea."

Akageuka akaenda zake. Niliisikiliza fimbo mpaka ikaisha kwenye miwa. Kisha nikazitazama nyayo zake, jinsi zilivyotoka njiani hadi kaburini, zikasimama pale kwa muda, zikaja hadi kwenye mlango wa boma na kurudi. Mguu mmoja, mstari, shimo. Kaka zangu walikuwa hawajaamka kuhesabu ng'ombe.

Nilichukua ufagio wa jikoni nikazifuta zote, moja moja, mpaka barabarani. Sikufanya hivyo kwa kumhurumia. Nilijua kwamba akikosekana hata ndama mmoja asubuhi ile, ningeitwa niiname nisome, na sikuwa na hakika ningesema nini.